Antena ya nje badala ya TV ya kulipia, Kitengela: nguvu 92, ubora 25, Citizen inaganda

mkaaji_ktg

Hamjambo wadau. Nataka kuachana na TV ya kulipia kila mwezi, maana nyumbani tunatazama habari, mechi zinazoonyeshwa bure na vipindi vya watoto, basi. Niko Kitengela, nyumba isiyo na ghorofa, paa la mabati. Upande wa Nairobi kuna jengo la jirani la orofa tatu, kama mita 30 kutoka ukutani kwangu.

Nimenunua king'amuzi cha chaneli za bure cha DVB-T2 (mfumo wa TV ya dijitali ya antena unaotumika hapa) na kiantena cha kuweka juu ya meza. KBC inashika vizuri. Citizen, NTV na KTN ama hazipo ama picha inavunjika vipande na kuganda. Kwenye menyu ya king'amuzi mstari wa nguvu unasoma 92, wa ubora unacheza kati ya 20 na 35. Muuza duka ananiambia ninunue busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Dishi la zamani bado liko juu ya paa na waya wake wa RG6 (ule mnene wa duara wa antena), kama mita 25. Je, naweza kutumia dishi hilo au waya wake? Na antena moja itatosha TV mbili, sebuleni na chumbani?

waya_mrefu

Weka busta ya desibeli 30 na kuendelea (desibeli ni kipimo cha mawimbi kuongezeka au kupungua), tatizo liishe. Kitengela ni mbali na mnara, mawimbi yamechoka.

fundi_masafa

Ndugu mkaaji_ktg, busta usinunue bado. Nambari ulizoandika zinakataa kabisa. Nguvu 92 maana yake king'amuzi kinapokea mawimbi mengi. Ubora 25 maana yake mawimbi hayo ni machafu: yamechanganyika na mwangwi wake yenyewe (nakala zilizogonga kuta na mapaa zikachelewa kufika), au na kelele za vitu vya umeme, au yote mawili. Busta huongeza kila kinachoingia, kizuri na kibaya pamoja, kwa hiyo utatoka 92 hadi 100 na ubora utabaki pale pale au ushuke. Kwenye dijitali mstari unaokupa picha ni wa ubora. Zama za analogia mawimbi mabaya yalikupa chenga lakini bado ulimwona msomaji wa habari. Dijitali hukupa picha safi hadi kwenye ukingo, kisha ghafla hakuna kitu.

Sasa kwa nini KBC inashika na nyingine hazishiki? Chaneli za bure hazisafiri moja moja. Masafa moja yenye upana wa megahezi 8 hubeba chaneli nyingi kwa pamoja, na hiyo ndiyo maltipleksi. KBC hurushwa na Signet, ambayo ni kampuni yake yenyewe. Citizen, NTV na KTN hurushwa na ADN, iliyoundwa na Royal Media, Nation na Standard. Ni masafa tofauti, na mwangwi unaweza kuharibu moja ukaacha nyingine. Ndiyo maana chaneli hupotea kwa makundi. Ukiona zilizopotea zote ni za maltipleksi moja, king'amuzi ni kizima. Tatizo liko kwenye masafa hayo mahali hapo antena ilipo.

Kiantena cha mezani chini ya mabati kinapata mawimbi yaliyoingia kwa dirisha baada ya kugonga paa, ukuta wa jirani na jengo lile la orofa tatu. Bati ni kama kioo cha kujitazamia kwa mawimbi haya, huyarudisha. Kwako hakuna kiantena cha ndani kitakachofanya kazi ya kutegemewa, hata kikiandikwa "kilomita 300" kwenye boksi. Maandishi hayo yapuuze kabisa, sioni kwa nini yanaruhusiwa.

Unachohitaji ni antena ya nje ya aina ya Yagi au ya log-periodiki (zile za fito nyingi zilizopangwa kwenye bomba moja), ya UHF, yaani ukanda wa masafa wa TV ya dijitali. Itambue kwa urefu wa fito zake. Televisheni ya dijitali hapa iko kwenye megahezi 470 hadi 694, chaneli ya 21 hadi ya 48, na nusu ya wimbi kwenye masafa hayo ni sentimita 32 kwa 470 na karibu 22 kwa 690. Kwa hiyo fito za antena sahihi zina urefu wa sentimita 20 hadi 33 hivi. Zile antena za zamani zenye fito za mita moja na zaidi, ambazo bado zimebaki kwenye mapaa mengi, ni za VHF, masafa ya chini zaidi ya wakati wa analogia. Ziteremshe.

Dishi lenyewe halina kazi hapa, maana kile kichwa chake hupokea masafa ya setilaiti ya megahezi zaidi ya elfu kumi. Lakini waya wa RG6 ni uleule wa omu 75 unaotakiwa, utumie. Kata sentimita 30 za mwisho upande wa dishi uangalie wavu wa ndani. Ukiwa unang'aa, endelea. Ukiwa umegeuka kahawia au kijani, maji yameingia, na huwa yanatembea ndani ya waya mita kadhaa. Kata hadi ufike palipo safi, au nunua mpya.

Mwelekeo: mnara mkubwa unaohudumia Nairobi uko Limuru. Kutoka Kitengela ni kama kilomita 53 kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unapita juu ya jiji, katikati ya magharibi na kaskazini, karibu nyuzi 318 za dira. Tumia dira ya simu ukiwa umesimama uani mbali na mabati, gari na bomba la chuma, maana vyote huivuta. Chagua alama ya mbali kwenye upeo, kisha panda juu uelekeze antena kwenye alama hiyo. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na nyinyi mko chini yake kwa mita mia kadhaa, kwa hiyo umbali wenyewe si kikwazo. Kikwazo chako ni lile jengo la jirani.

nyaya_75

Naunga mkono yote ya fundi_masafa. Naongeza kuhusu kupachika, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Upande unaotazama mnara ni ule wenye fito fupi. Nyuma kuna wavu au fito ndefu kuliko zote, hiyo ni ya kurudisha mawimbi. Watu wengi hugeuza, wakidhani ule wavu ndio "dishi" la kupokelea.

Kisha ulalo wa fito. Mawimbi hurushwa yakiwa yamelala au yamesimama, na antena yako lazima ifanane nayo. Ukikosea unapoteza desibeli 15 hadi 20, hasara kubwa kuliko ya waya wako wote. Tazama antena za majirani zinazofanya kazi: fito zimelala sambamba na ardhi au zimesimama? Anza hivyo. Kisha zungusha antena yako robo duara kwenye mhimili wake usome ubora tena. Dakika mbili tu, na unakuwa na uhakika.

Usitoboe ukuta kabla ya kujaribu. Funga antena kwenye mti au bomba la mita 3, beba king'amuzi na TV hadi karibu na mlango, mtu mmoja atembee na antena uani na mwingine asome ubora kwa sauti. Ingia kwenye menyu ya kutafuta chaneli kwa mkono, chagua masafa ya ADN (yale yanayosumbua), wala usihangaike na ya KBC. Mstari ukae wazi kwenye skrini wakati mnasogeza. Sogeza kwa hatua za sentimita 25 hadi 30, kushoto na kulia, juu na chini, si mwelekeo pekee. Pale penye mwangwi wa jengo, nusu mita inaweza kukutoa ubora 30 hadi 80, kwa sababu mawimbi mawili yanayokutana hufutana mahali pamoja na kusaidiana hatua moja mbele. Baada ya kila hatua subiri sekunde 5, maana king'amuzi huchelewa kuonyesha.

Pembeni mwa jengo ni bora kuliko juu yake. Ukipata kona ya nyumba ambako mstari wa Limuru unapita kando ya lile jengo, weka huko hata kama paa liko chini zaidi. Isipopatikana, panda. Antena ikae angalau mita 1 hadi 1.5 juu ya kilele cha mabati, kwa sababu bati lililo karibu mno nalo hurudisha mawimbi. Bomba la inchi moja na robo linatosha, lishikwe ukutani na vishikizo viwili vilivyoachana sentimita 60 au zaidi. Likizidi mita 3 juu ya kishikizo cha mwisho, livute kwa waya tatu, la sivyo upepo utaligeuza kidogo kidogo na mtaanza kulaumu kituo.

Konekta ya F: ondoa ganda la nje milimita 13. Kunja wavu wote urudi nyuma juu ya ganda. Kata foili na povu jeupe uache shaba ya kati milimita 6 wazi. Sokomeza konekta, uizungushe hadi povu lifike usawa wa sakafu ya ndani ya konekta, shaba ichomoze milimita 2 au 3 nje ya mdomo. Kabla ya kufunga, iangalie kwa tochi: uzi mmoja tu wa wavu ukigusa shaba ya kati, umefunga mawimbi yote. Nje, ivalishe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, siyo tepu nyeusi ya stima peke yake, ambayo hulegea kwa jua na kugeuka kikombe cha maji. Waya unapokaribia kuingia ndani, uache ning'inie kitanzi chini ya tundu, ili maji yadondoke hapo yasifuate waya hadi ukutani.

waya_mrefu

Sawa, nimeelewa kuhusu ubora. Lakini TV mbili na waya mita 25, hapo si lazima busta?

fundi_masafa

Swali zuri, tuhesabu. RG6 kwenye masafa haya hupoteza kama desibeli 18 kwa mita 100, kwa hiyo mita 25 ni desibeli 4 na nusu. Splita ya njia mbili, yaani kigawanyi cha waya mmoja kwenda TV mbili, hula karibu desibeli 4 kwa kila tundu. Waya wa chumbani mita 10 nyingine, karibu desibeli 2. Jumla ni kama 10 kwa TV ya mbali. Yagi ya fito 12 hadi 15 inakupa desibeli 10 hadi 12 za kuanzia. Huenda ukatoka sawa bila busta yoyote, hasa ukiwa na mstari wazi wa Limuru. Funga kwanza, soma ubora kwenye TV zote mbili, ndipo uamue.

Ukihitaji, nunua ndogo ya desibeli 12 hadi 15 ya kufunga mlingotini, karibu kabisa na antena, kabla ya waya na kabla ya splita. Busta ya nyuma ya TV haisaidii, kwa sababu inapokea mawimbi yaliyokwisha kupungua kwenye waya na kuyaongezea kelele zake. Ubora uliopotea njiani haurudi.

Ila soma kibandiko chake. Busta nyingi madukani zimeandikwa 470–862. Huo ndio ulikuwa ukanda wa TV zamani. Sehemu ya juu, kuanzia 694, imetengwa kwa ajili ya simu, na 4G ya megahezi 800 iko mle mle. Mnara wa simu ulio mita 200 kutoka kwako una nguvu kuliko Limuru kwa mbali sana. Busta ya ukanda mpana inaumeza, inajaa, na TV inapotea kabisa huku mstari wa nguvu ukisoma 100. Tafuta iliyoandikwa 470–694, au weka kichujio cha 4G kati ya antena na busta. Kikiwekwa baada ya busta hakina maana, uharibifu umeshafanyika.

Jambo la mwisho: king'amuzi kina sehemu kwenye menyu ya kuwasha umeme wa antena, volti 5. Kama antena haina busta ndani, uzime. Antena nyingi za Yagi zina kipande cha kati kilichojikunja ambacho kwa umeme huo ni shoti tupu. King'amuzi kitaandika kuna shoti au kitajizima. Na usichomeke kamwe waya wa antena yenye busta kwenye king'amuzi cha dishi: kile hutoa volti 13 au 18, busta ya volti 5 inaungua papo hapo.

unguja_bandarini

Nawapita kidogo kutoka Zanzibar. Anayesoma hapa na anafikiria kununua TV ya mtumba ili aepuke king'amuzi, atazame kibandiko cha nyuma kwanza. Lazima iandikwe DVB-T2. Iliyotoka Japani ina mfumo wa ISDB-T, haitashika kitu Kenya wala Tanzania, na nyingi hutumia volti 100, kwa hiyo ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ndiyo kwaheri. Iliyotoka Marekani ni ATSC, nao ni mfumo mwingine. Kutoka Uingereza, yenye nembo ya Freeview HD ina T2 ndani, lakini ya Freeview ya kawaida ni DVB-T ya kwanza, siyo T2. Zote hizo bado ni skrini nzuri ukiziunganishia king'amuzi kwa HDMI, mradi volti zinakubali. TV ya chogo hutumia zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Hakikisha king'amuzi kina matundu hayo, vipya vingine havina.

Kwa walio pwani kama sisi: skrubu na vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu, na mahali waya unapokutana na antena pakeni grisi. Chumvi ya upepo hula kiungio hicho ndani ya msimu mmoja, ubora unashuka polepole hadi mtu anadhani mnara umepunguzwa nguvu.

nyaya_75

Na radi, tafadhali. Bomba la chuma juu ya paa liunganishwe na ardhi: msumari wa shaba wa mita 1.2 au zaidi uliopigwa ardhini, waya wa shaba wa milimita za mraba 16 ushuke moja kwa moja bila kona kali, na uunganishwe pia na ardhi ya stima ya nyumba. Hilo husaidia umeme unaojikusanya na mapigo ya jirani. Pigo la moja kwa moja halizuiliki hivyo, kwa hiyo wingu likianza kunguruma chomoa waya wa antena na plagi ya stima, vyote viwili. Na wakati wa kupandisha bomba, hesabu: nyaya za stima za barabarani ziwe mbali kuliko urefu wa bomba likianguka. Ikiwa ziko karibu zaidi ya hapo, tafuta upande mwingine wa nyumba. Hakuna chaneli inayostahili hilo.

mkaaji_ktg

Asanteni sana, nimefanya hatua kwa hatua. Waya wa dishi ulikuwa wa kijani mita mbili za mwisho, nimekata. Yagi ya fito 14, kona ya kaskazini ya nyumba, mita 1.5 juu ya bati. Masafa ya ADN: nguvu 68, ubora 84. KBC: nguvu 74, ubora 90. Kwa hiyo nguvu imeshuka na picha imetulia!

Chumbani, kupitia splita, ubora ulikuwa 45 na picha inakatika jioni. Nimeweka busta ya desibeli 12 ya 470–694 mlingotini, inayokula volti 5 kutoka king'amuzi cha sebuleni. Sasa chumbani ni 78. Lakini king'amuzi cha sebuleni kikizimwa ukutani, chumbani inaandika hakuna mawimbi kabisa. Kwa nini isirudi angalau kwenye ile 45?

fundi_masafa

Kwa sababu busta isiyo na umeme haipitishi mawimbi, inayafunga. Haigeuki kuwa waya mtupu. King'amuzi cha sebuleni ndicho kinailisha, kikizimwa ukutani busta inakufa na chumbani panakufa nayo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kutozima ukutani, kukiacha kwenye taa nyekundu, lakini baadhi ya ving'amuzi hukata volti 5 hata hapo, kwa hiyo jaribu kwanza. Ya pili ndiyo ninayoipendelea: nunua kilisha-umeme cha pekee cha busta, chenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye busta yako, ukiweke ndani ya nyumba kwenye waya unaoshuka, kabla ya splita. Kina matundu mawili. Lililoandikwa antena lielekee juu, la TV lielekee splita. Ukiyageuza, busta haipati kitu. Kisha zima umeme wa antena kwenye menyu za ving'amuzi vyote viwili, visije vikapishana.

Ukishindwa kupata cha volti 5, usiweke cha 12 ukidhani kitavumilia. Badilisha busta.

Na jioni hiyo picha ilipokuwa ikikatika, tazama ni taa ipi ya LED au chaja ipi huwashwa saa hizo karibu na TV ya chumbani. Chomoa moja moja ukiangalia mstari wa ubora. Ukipanda kwa 10 au zaidi baada ya kuchomoa kimoja, hicho badilisha au kihamishie tundu la mbali na waya wa antena.

mkaaji_ktg

Ni chaja ya tochi. Ubora wa chumbani umetoka 78 hadi 86 ilipochomolewa. Kilisha-umeme nakifuata Luthuli Avenue, Nairobi, kesho.